Beseni la Sato Siku ya Kumchagua Dada Mkuu

Siku hiyo siisimulii mbele ya wakwe, na nyinyi nawasimulia kwa sababu najua mmeshaisikia kwa Mama Getruda, na Mama Getruda ameongeza ya kwake. Niliaibika mbele ya shule nzima, mimi mwanamke niliyezika mume na kulea wajukuu bila kumpigia mtu magoti, na aibu yenyewe niliibeba mwenyewe kichwani, ndani ya beseni.

Ilikuwa ule mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Wagombea walikuwa wanateremka mwaloni kwetu Pasiansi, mitumbwi inaposhushia samaki, mmoja baada ya mwingine, huyu na kanga, yule na chumvi na sukari, sisi tunapiga vigelegele, wao wanaondoka. Mimi nilipata kanga mbili za wagombea wawili wasiosalimiana (nilizipokea zote, ndiyo, nani angekataa).

Mjukuu wangu Kabula, ambaye nimemlea tangu mama yake afariki, alikuwa kidato cha tatu kwenye shule ya bweni ya wasichana huko njia ya Kisesa, na alikuwa anagombea udada mkuu. Aliutaka kwelikweli. Alipokuja likizo alisimama karibu na karai langu, mimi nageuza samaki, akaanza kunisomea hotuba yake, anaiita falsafa yangu ya uongozi. Nikamwambia atoke kwenye moshi. Hakutoka. Akasema kiongozi mzuri si anayegawa vitu, ni yule anayesema kosa la watu wangu ni kosa langu, tena kabla hajaulizwa. Nikamjibu maneno ni mazuri ila hayajazi tumbo. Akacheka.

"Bibi, wewe njoo tu usikilize. Wazazi wameruhusiwa."

Kusikiliza tu. Ningeishia hapo.

Asubuhi ya siku yenyewe Mama Getruda, jirani ninayekaanga naye samaki, akaniuliza naenda na nini. Nikasema naenda na masikio yangu. Akaniangalia kama anamwangalia mtu aliyechanganyikiwa.

"Mwenzangu, kwani yule mheshimiwa alituletea chumvi kwa sababu anatupenda?"

Nikaona ana akili. Watoto wale wanakula maharage ya wadudu wiki nzima, wakipewa sato wa kukaanga wataacha kumkumbuka aliyewapa? Basi nikajaza beseni samaki niliokuwa nimekaanga kwa ajili ya soko, nikafunika, nikajitanda kanga moja ya mgombea na ile nyingine nikaifunga kiunoni (ndizo zilikuwa mpya kuliko nguo zangu zote), nikapanda gari.

Nikakuta wanafunzi wameketi chini mbele ya bendera, wagombea wako barazani, na wazazi wamewekewa mabenchi pembeni. Benchi nililiona. Sikwenda. Nikapita nyuma kabisa, nikafunua beseni, nikamnong'oneza wa kwanza ale halafu amkumbuke Kabula. Akachukua, mwenzake akachukua, harufu ikanitangulia kwenda safu za mbele, na Kabula aliposimama kusalimia, nusu ya shule ilikuwa imempa mgongo. Wakanizonga, mimi nainua beseni juu, mmoja akanivuta kiwiko, sato wote chini, na mimi juu yao, nimekaa. Kanga ya kiunoni ikafunguka ikatandazika mchangani, sura ya mgombea inaangalia mbinguni, imelowa mafuta.

Mkuu wa shule, mama mmoja mpole, alikuja akaniinua mwenyewe. Akaniambia shikamoo, nikaitikia marahaba huku nina miba ya samaki kwenye sketi. Akauliza hawa samaki ni wa nini. Mimi sijazoea kusema uongo.

"Ni wa kura," nikasema.

Shule ikaangua kicheko. Kabula hakucheka.

Mkuu akanyamazisha watu, akasema sheria inamwondoa mgombea anayegawa kitu, lakini aliyegawa hapa ni mzee wa watu, hakujua, na mgombea hakumtuma, kwa hiyo Kabula aendelee. Moyoni nikasema, shika hapo hapo, mwanangu, usiachie. Yeye akaikunja karatasi yake.

"Mwalimu, huyu ni bibi yangu na mimi ndiye niliyemwalika. Nilikuja kuwaambia kosa la mtu wangu ni kosa langu. Siwezi kuanza kwa kumkana. Ondoeni jina langu."

Akashuka, akachuchumaa mbele yangu, tukaokota samaki wenye mchanga mmoja mmoja, shule nzima inatutazama.

Akanisindikiza mpaka getini amebeba beseni. Kwetu mtu mzima haombi msamaha kwa mtoto, na mimi nilikuwa nautafuta mdomoni siuoni. Nikasema, "Huo udada mkuu ulikuwa unautaka."

"Nilikuwa nautaka, Bibi." Halafu akaniuliza, "Umekula kitu tangu asubuhi?"

Sikuwa nimekula. Nililia ndani ya gari, na kama Mama Getruda amewaambia sikulia, hakuwepo.

Udada mkuu alipewa mwingine, na Kabula akamaliza shule bila cheo chochote. Uchaguzi uliofuata wagombea wakateremka tena mwaloni. Mmoja akanifuata kwenye karai na kanga mkononi, nikamuuliza watu wake wakikosea kosa litakuwa la nani. Akacheka, akampa Mama Getruda.

Vigelegele nimeacha, na beseni halitoki tena mwaloni. Zile kanga zangu mbili ninazo, nashikia karai likiwa la moto. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana.