Mbolea Iliyoshuka Kisimani

Baba watoto alikuwa keshamwaga mbolea kwenye mahindi yote ya mteremkoni, punje nyeupe zimelala juu ya udongo, hata moja hakuifukia.

"Fukia basi," mkewe alimsihi, macho yakiwa kwenye wingu. "Mvua ikija ya kishindo itashuka nayo kisimani."

"Mama Macho!" Mume alicheka. Majirani ndio waliombandika jina hilo kwa wasiwasi wake. "Hata mawingu unayashuku? Mvua ndiyo itaniyeyushia. Nijichoshe bure?"

Mvua haikunyesha, ilimwagwa. Ardhi ilikuwa imekauka ikashupaa kama sakafu, haikuwahi kunywa. Maji yaliteleza juu juu, yakazilamba zile punje, yakaenda zake bondeni. Mama alichomoka na jembe kuyachimbia mfereji yapite kando ya kisima. Akiziba huku, yanapasua kule. Mwishowe alisimama tu akiyatazama yakiingia.

Asubuhi alikuwa shambani akifukia mabaki aliposikia kichanga kinalia nyumbani. Binti yake amekuja na mjukuu! Akapanda mbio. Akamkuta jikoni, chupa ya maziwa ya unga mkononi.

"Maji umetoa wapi?"

"Shikamoo kwanza, mama. Baba kanichotea kisimani."

"Amekunywa?"

"Mafunda mawili matatu. Mbona hivyo? Nimeyachemsha mpaka yakatokota!"

"Chumvi ukiichemsha kwenye mchuzi inaenda wapi?"

Binti akaitazama chupa. "Haiendi," akasema polepole. "Inakolea."

"Na mbolea vivyo hivyo. Nesi alituambia, inamnyima kichanga hewa, midomo inakuwa ya bluu."

"Lakini yalikuwa safi," mume alijitetea mlangoni. "Yametulia kabisa."

"Sukari kwenye chai huwa unaiona?"

Mama alimwaga chupa, akamfunga mjukuu kifuani badala ya mgongoni apate kumtazama, wakashika njia ya kliniki na binti. Tope linateleza, naye haangalii anapokanyaga, anaangalia midomo tu. Imebadilika? Au ni kivuli cha kanga?

Nesi alimgeuza mtoto kwenye mwanga, akamkagua midomo na kucha, akamsikiliza kifua. Akawaweka pale hadi mchana, kisha akamkagua tena.

"Rangi yake iko sawa. Ana bahati, alikunywa kidogo. Ila kisima hicho, asipewe hata tone."

"Hapewi," ilijibu sauti nyuma yao. Mume alikuwa amefika, matope hadi kiunoni, mikono imechanika. "Nimekiziba kwa miba."