Korongo Lina Mita Ngapi?

Juzi tulikaa barazani kwa jirani yangu tukisikiliza redio yake mpya ya Dubai. Mtangazaji akaonya kuwa mikoa ya kati ijihadhari na mafuriko. Jirani akacheka.

"Dodoma tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Maji yatapandaje huku? Waanze kuhama wa Dar!"

Mama wa nyumba ya pili akauliza taratibu, "Na hilo korongo nyuma ya choo chako, baba, liko mita ngapi juu ya bahari?"

Jirani akainuka. Akachomoa waya, akaenda kuipandisha redio juu ya kabati.

Usawa wa bahari ni elimu nzuri, msomaji, ila maji ya mlimani hayajaisoma. Mimi niliaga mapema. Korongo likitoka kwake, linapita kwangu.