Damu Ambayo Baba Mkwe Hakuulizwa

Walisema mtoto wa mchoma makaa wa Mushaki hatarudi na diplome. Nilirudi nayo, mwanangu, diplome ya uuguzi, niliyoilipia kwa kubeba magunia sokoni Goma. Mpaka leo iko ukutani kwangu, ndani ya fremu. Walionicheka walikuja wenyewe niwatibu.

Mmoja alikuwa mwenye duka, mtu wa Butembo. Choo chake kilikuwa na damu, na kila mtu alimwambia ni amibe, vijidudu vya kuhara tu, ameze dawa. Nikamtuma hospitali ya Goma. Wakakuta kansa ya utumbo mpana, ingali ndogo, wakaikata. Alirudi dukani akipiga kelele: "Huyu kijana njo dokta mwenyewe!" Nami nikavimba kichwa.

Siku ambayo hainitoki moyoni, nilikwenda Kalembe kusalimia wakwe. Nilikaa uani, nikasimulia sifa hizo kwa sauti. Baba mkwe, mkulima, alikuwa amekonda sana. Alicheka kidogo, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Huko mkwe hamuulizi baba mkwe mambo ya chooni, na mama mkwe hazungumzi na mkwe uso kwa uso.

Ghafla sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya mlango.

"Mukwe! Diplome yako iko ya watu wa duka tu? Muzee wangu anatoka damu tangu mavuno ya maharagi!"

 Kisha mlango ukafunguka, mama mkwe akanitazama machoni.

"Mimi nimeshavunja desturi. Weye unaogopa nini? Muulize!"

Baba mkwe aliporudi, nikamuuliza: "Papa, unatoka damu?"

"Iko amibe tu, mutoto wangu," alijibu akitazama chini.

Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, na lori la yule mwenye duka likamfikisha Goma. Ugonjwa ulikuwa ule ule, ila ulikuwa umeshafika kwenye ini. Tulimzika kabla ya mavuno mengine. Mwenye duka bado anauza sabuni.

Mwanangu, damu ya chooni usiiite amibe kabla haijapimwa. Aliyekaribia miaka hamsini naye aulizwe na apimwe, hata kama haoni damu. Usianze na mwenye lori. Huyo atafika Goma hata bila wewe. Anza na mlango unaoona haya kuupigia hodi. Mimi, muuguzi asiye na mwenzake kote Masisi na Walikale, huanza na wakwe.

Mungu akupe ujasiri wa kuwauliza unaowaheshimu, na wazee wako wakae uani mwako hadi wachoke kukubariki.