Mfalme Niliyembana Kibaoni

Naona haya hata kusimulia. Fainali ya sataranji pale Kibaoni nilikutana na karani wa posta. Nikiwa na kete nyeusi, nilishambulia kwa ukali: nikamtoa farasi wangu aliwe ili nimzingire mfalme wake.

Mara akaingia baba mkwe kutoka Sanje. Sote tukainuka. "Shikamoo, mzee!" Nikampa kiti changu, nikarudi kukalia kilichobaki.

Ajabu! Sasa mfalme wangu ndiye aliyezingirwa. Nimerogwa? Karani, akiwa amesimama upande wa pili, aliendelea kucheza. Nikahangaika, nikajinasua, hatimaye nikambana mfalme mweusi. "Umekwisha!"

Baba mkwe akakohoa. "Mkwe wangu, uliponipisha kiti, si ulikuwa upande ule wa kete nyeusi?"