Mama Anichagulia Wifi

Kwa miezi mitatu nilikuwa wanawake sita. Studio yangu ya mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, ni chumba kimoja na shuka la kutundika ukutani, na modeli sikuwa naye, basi nikajipiga picha mwenyewe. Nilikuwa nimechoshwa na matangazo, bana! Mwanamke wa sabuni, anayelichekea shati la mume utadhani limemtongoza. Mwanamke wa kalenda za mashirika ya misaada, miguu peku, jembe begani, mtoto mgongoni. Mwanamke wa taarifa ya habari, ambaye kazi yake ni kulia tu. Nikavaa wigi, nikapaka poda mpaka nikajisahau, nikawaigiza wote kwa kutia chumvi ili watu wacheke.

Aliyenikera zaidi ni yule wa majani ya chai: amepiga magoti, kichwa upande, birika mikononi, anamtazama mwanamume ambaye kinachoonekana ni viatu vyake tu.

Nilipozitundika picha katika ukumbi mmoja hapo mjini, nilimwita mama kutoka Kabuchai. Ni yeye niliyemtaka, wengine ziada. Miaka yote huwaambia watu ati niko Kitale natafuta kazi. Nilitaka aione kazi yangu kwa macho yake na ajivunie mimi, hata kama ni mara moja.

Akapita picha moja moja, mkoba kwapani. Kwa mwenye jembe akaguna, "Huyu hajawahi kulima." Kwa anayelia akasema pole. Mbele ya birika akasimama.

"Huyu sasa ndiye msichana," akaninong'oneza. "Ona adabu hiyo! Kwao ni wapi? Si tungemtafutia ndugu yako."

"Mama, ni mimi."

Akaitazama picha, akanitazama mimi, kisha suruali yangu. "Ai, wacha!"

"Wote ni mimi. Ni mzaha, mama. Nawacheka wanaotuonyesha hivi."

La mzaha hakulisikia. Machozi yalimlengalenga. "Kumbe ukitaka unaweza," akasema, akaiomba picha aende nayo. Nilikasirika, lakini mama yako utamnyimaje?

Sasa iko sebuleni kwake, na wageni humpongeza kwa kulea binti mwenye heshima. Jumapili iliyopita niliingia na suruali yangu na kamera shingoni. Mama mmoja wa kanisa akauliza, "Na huyu naye ni nani?"

Mama yangu akaitazama picha ya birika, kisha mimi.

"Huyu," akasema, "ndiye aliyempiga picha."