Kopo la Mlonge

Jumatano moja ya masika, mwaka ambao sabuni ilianza kuonekana tena katika maduka ya Musoma, tulimzika mama mkwe wangu Butiama. Nilimpoteza mtu pekee aliyeweza kumkalisha binti yangu chini.

Binti alikuwa na miaka minane. Hakuwa mkorofi, ila hakuweza kutulia. Darasani alisimama katikati ya hesabu, akaenda mlangoni, akarudi kukaa kwenye dawati la mwingine. Nyumbani kwetu Nyakato, hapo hapo Musoma, alianza kuosha vyombo, nikigeuka namkuta juu ya ukuta wa jirani. Nilimchapa mara nyingi, wala sijivunii. Mwalimu wake alikuwa ameniambia, "Mama, shule ikifunguliwa, asipokaa kwenye dawati usimlete tena. Ninao wengi."

Likizo nilikuwa nampeleka kwa bibi yake. Siku moja nilifika kumchukua nikamkuta amekaa mchana mzima jikoni kando ya jiwe la kusagia, kimya, uso umetulia. Pembeni palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa majani ya mlonge, makavu na yaliyosagwa. Wanawake waliojifungua walikuja kuchota unga huo ili kuongeza damu. Nikajiambia, kumbe ni hili. Sikuuliza. Mbele ya mama mkwe nilikuwa napiga magoti, nasalimia, napokea ninachopewa. Maswali hayakuwa yangu.

Matanga yalipoisha, ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu. Kila mmoja alitaja kimoja. Wifi yangu wa Bunda alichukua jiwe la kusagia. Mimi nikasema, "Naomba kopo."

Watu wakacheka kidogo. Wifi akasema, "Mwenzangu unaacha khanga mpya unachukua majani! Utazaa tena?"

Nilimpa binti kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji kila asubuhi. Alikunja uso, akanywa. Wiki ya kwanza hakutulia. Nikaongeza kijiko. Kopo likaisha, nikaenda soko la Mwigobero kwa mwanamke aliyeuza majani na mizizi karibu na wauza dagaa, naye akaniuzia mlonge uliochanganywa na ubuyu, akisema unasafisha damu hadi kichwani. Binti akaharisha siku mbili. Siku ya tatu alikuwa juu ya ukuta.

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Alhamisi nikamshika mabega nikamwambia, "Kwa bibi ulikuwa unakunywa, unatulia. Kwangu una nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Mama, bibi hakunipaga ninywe. Ilikuwa ya wale wenye watoto. Mimi nilikuwaga nasaga."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimechoka, hata kulia sikuweza.

Jumamosi tulipanda basi kwenda Bunda. Wifi alitukaribisha kwa kelele zake.

"Karibu mama kopo! Dawa imeisha?"

"Wifi, nimekuja kuomba lile jiwe."

"Lile? Si umelikanyaga ukiingia!"

Alikuwa amelijengea kwa saruji pale mlangoni, liwe ngazi. Unga siku hizi ulisagwa mashineni. Nilitazama saruji ile nikaona imekauka kabisa. Lakini binti alikuwa ameshapiga magoti juu ya ngazi, ameokota lile jiwe dogo la juu, linaloshikwa mkononi, ambalo wifi alilitumia kuzuia mlango. Akalisukuma mbele na nyuma juu ya jiwe tupu, bila chochote cha kusaga. Tulikunywa chai, tukala, na mtoto alikuwa bado pale.

"Chukua hilo dogo," wifi akaniambia. "Kubwa hata nikitaka halitoki."

Siku hizi naona kwenye maduka ya dawa chupa za vidonge vya majani, vimeandikwa kwamba vinalinda ubongo wa mtoto asiyetulia. Na kutotulia kwenyewe sasa kuna jina hospitalini. Sivisemi vibaya. Mimi sikusoma sana, na nilichokijaribu nilikijaribu kwa kukosea.

Jumatatu ile nilimpeleka shule na jiwe lake. Nilisimama nje ya dirisha. Alikaa, jiwe mapajani, akilizungusha polepole, hadi somo la kwanza likaisha. Katika la pili mwalimu akasikia jiwe likikwaruza dawati. Akaja, akalichukua bila ukali, akaliweka dirishani karibu na mkono wangu. Aliniona, akarudi ubaoni.

Binti alisimama. Akaenda mlangoni, akarudi, akasimama tena.

Mwalimu akatikisa kichwa. Nikachukua jiwe, nikamshika mtoto mkono, tukarudi Nyakato.