Rozalia Aliyeziba Mfereji

Katika bonde moja, si mbali na misheni ya Tosamaganga, watu wa miaka ile ya hamsini hawakuogopa kiangazi kama walivyoogopa maji. Kila nyumba ilikuwa na kinyungu chake, yaani kishamba cha bondeni kinacholimwa matuta mvua zikishaisha, unyevu ukingali ardhini. Maji yakituama kinyunguni, maharage huoza mizizi. Kwa hiyo mtoto wa Kihehe alifundishwa kuchimba mfereji wa kutoa maji kabla hajafundishwa kupanda, na mwanamke aliyesifiwa, alisifiwa kwanza mfereji wake. Rozalia alisifiwa kuliko wote. Wala hakuwahi kujifanya hasikii.

Kinyungu chake kilikuwa cha mwisho kabisa huko chini, pale bonde linapobanwa na mawe kabla ya kumwaga maji mtoni. Mifereji ya wenzake wote iliishia kwake, na mdomo wa kutokea ulikuwa wake peke yake. Aliutunza mdomo huo kama wengine wanavyotunza kizingiti cha nyumba.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, mahindi ya mlimani yakakauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Kijiji kizima kikashuka bondeni na majembe. Hapo wakafanya kosa ambalo asiye mtu wa vinyungu hawezi kulifanya: juu kulipokauka, wakazidi kuchimba mifereji, maana ndivyo kinyungu kinavyotunzwa. Kila jembe lilipozama, maji yalipata njia nyingine ya kukimbilia mtoni. Mazoea yana taabu. Rozalia naye alichimba, tena kwa madaha.

Nyumbani kwake kulikuwa na jambo lililomnyima usingizi. Crispin, mwanawe wa pekee, alikuwa ameshafunga mzigo wake kwa kamba na kuuweka nyuma ya mlango. Baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria lingepita lori la manamba, wale vibarua wa mkataba wanaopelekwa kwenye mashamba ya mkonge.

"Maharage yakikubali nabaki, mama," alisema. "Yasipokubali, tutakula nini hapa? Vumbi?"

Edmund, baba yake Crispin, aliondoka na lori kama hilo, na kilichorudi ni blanketi lake tu, limebebwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo, Rozalia akisikia lori likinguruma barabarani, alimwita Crispin aingie ndani.

Asubuhi moja alichomeka kidole kwenye tuta lake, kikatoka kikavu. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua, lakini majani yalikuwa yamejikunja. Akainua macho. Pale kwenye mdomo wa mfereji wake, ule uliosifiwa, maji yalikuwa yanapita yakiimba. Alisimama akiyatazama hadi aibu ikampanda usoni. Mimea inakufa kwa kiu, na maji yanatoroka kwa mlango alioufungua mwenyewe!

Akakata mabonge ya udongo yenye majani na mizizi yake, akauziba mdomo ule.

Maji yaliporudi nyuma, wa kwanza kuyaona alikuwa Kasian, mdogo wake marehemu Edmund, ambaye kinyungu chake kilipakana na cha Rozalia kwa juu. Alikuja mbio na jembe begani.

"Kamwene, shemeji," alisalimu, maana adabu ni adabu hata mtu akiwa na hasira. "Umerogwa? Unataka kuniozeshea maharage?"

"Nataka yanywe. Yakikaa mferejini, matuta yatanyonya kwa chini."

"Nani alikuambia kinyungu kinazibwa?"

"Kidole changu."

Kasian alicheka bila furaha, akayapiga jembe mabonge yale, maji yakaondoka. Kesho yake Rozalia akaziba tena. Kasian akazibua tena. Mara ya tatu alikuja na majirani nyuma yake, na akasema neno lililomchoma.

"Hapa kwako ndiko chini kuliko kote. Maji yakifika kwangu, kwako yatakuwa yameshafunika matuta. Kama kweli unaamini unalosema, mbona maharage yako bado yamesimama?"

Alikuwa amesema kweli, na Rozalia aliijua kweli hiyo tangu siku ya kwanza, ila aliizunguka. Ili bonde lipone, kinyungu chake kilipaswa kuzama. Akageuka akamwona mwanawe amesimama kwenye mteremko, anatazama. Kisha akapiga magoti, akaanza kuyang'oa maharage yake shina kwa shina, yakiwa na maua yake meupe. Alilia waziwazi wala hakujifuta, maana mikono ilikuwa na tope.

Alipomaliza hakuna aliyecheka. Crispin alipanda nyumbani, akaukaza mzigo wake fundo la pili. Kasian akaingia mferejini akaanza kukata mabonge. Wakauziba mdomo hadi usawa wa goti, na kinyungu cha Rozalia kikageuka dimbwi.

Maji yalipanda mifereji polepole, yakatulia chini ya matuta, wala hayakuozesha kitu. Majani yakajikunjua. Maganda yakajaa. Kila jioni Rozalia alishuka kulikagua ziwa lake, akiwakaripia waliokanyaga ukingo, utadhani ameweka mahari humo ndani. Nyumbani walikula mboga za majani, na mzigo wa Crispin ulikaa palepale nyuma ya mlango.

Kabla ya sikukuu watu waling'oa maharage yao. Rozalia alijikaza, akashuka, akashangaa: katika kila kinyungu lilibaki tuta moja limesimama, maganda yamekauka tayari kupasuka. Hasira zikampanda. Yeye ameng'oa ya kwake mabichi, wenzake wanaacha ya kwao yamwagike! Akamfuata Kasian.

"Shemeji, uvivu gani huu? Maharage yanapasukia shambani!"

"Si yetu hayo," Kasian alisema, akiangalia jembe lake. "Kila nyumba imekuachia tuta moja. Tumekungoja uje, tukaona unapita tu na kununa."

Rozalia alitazama bonde lote, tuta baada ya tuta. Mwishowe akainama kwenye tuta la Kasian, akalikagua toka mwanzo hadi mwisho.

"Hili limepinda," alisema, machozi yakimtiririka.

Kisha akageukia mteremko, akaita kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

"Crispin! Niletee ile kamba ya mzigo wako! Kuna maharage ya kufunga huku!"

Kijana akaufungua mzigo, akashuka na kamba.